Mkate mchachu wa Shosho, barabara ya Njoro: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nianze na ubaya, maana wengine wenu mtasoma hapa juu tu kisha mkimbilie kuuliza bei. Mkate ni mgumu. Ganda lake ukiligonga kwa ukucha linalia. Ndani una rangi ya udongo uliolowa, umechacha, hauna sukari hata chembe, na wa kilo moja unauzwa shilingi 350 wakati mkate mweupe wa dukani wa gramu 400 unaupata kwa shilingi 65 au 70. Mwenyewe hana viti, hapiki chai, hakopeshi. Anafungua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi saa moja asubuhi. Ukifika saa nne unakuta trei tupu na mbwa amelala mlangoni. Ukinung'unika anakuambia, "Mkate uliisha. Wewe ulichelewa," kana kwamba hayo ni mambo mawili yasiyojuana.

Sasa nieleze kwa nini mimi, mtu wa mandazi, kila Jumamosi namwachia binti yangu kibanda, napanda matatu ya Njoro, naenda kununua mkate wa mtu mwingine.

Nimekaanga mandazi hapa Nakuru tangu 2003. Naamka saa tisa usiku, nakanda kilo 8 za unga, na ikifika saa kumi na moja na nusu karai limeshika moto. Kwa hiyo mambo ya unga msinidanganye. Najua hamira ya paketi inaumua kwa saa moja ukiisogeza karibu na jiko. Najua iliki ikizidi inaleta uchungu. Na najua mandazi ya jana hayana mwenyewe, unayauza nusu bei au unakula na watoto. Hili la mwisho ndilo lililofanya nimheshimu yule mama. Mkate wake wa jana ndio anaotaka uule. Ukiununua moto anakuonya usiutie kisu hadi kesho. Siku ya nne unakuwa mtamu kuliko ulivyokuwa ya kwanza, na siku ya saba bado unalika, bila dawa yoyote ndani. Ni unga, maji, chumvi, chachu na mbegu kidogo.

Tunamwita Shosho, yaani bibi, ingawa ni Mjerumani. Watoto wa majirani wamemwongezea, Shosho Mkate. Jina lake nalijua ila aliniomba nisiliandike, na ramani ya kwake pia hataki, anasema foleni iliyopo inamtosha. Shuka kabla ya kufika Njoro mjini, uliza boda wowote. Utaona ua wa kayaba na moshi nyuma yake. Kibao hakuna. Nilipomwambia nataka kumwandika alisema niandike mkate. Nimejaribu, mtaona nilipokwama.

Kwao Ujerumani mkate wa namna hii unatengenezwa kwa nafaka wanayoiita Roggen, ndugu ya ngano anayevumilia baridi na udongo maskini. Huku hatuipandi. Njoro ni nchi ya ngano, na kituo cha utafiti wa ngano kiko pale pale tangu enzi za mkoloni, kiasi kwamba wataalamu wa nchi za mbali wanaleta mbegu zao zijaribiwe kama zitahimili ugonjwa wa kutu ya shina. Ngano tele, Roggen hakuna. Alihangaika miaka miwili, akaangukia atta, ule unga wa ngano usiokobolewa, na wimbi. Tatizo la wimbi ni kwamba haushikani kama ngano, kwa hiyo mikate yake ya mwanzo ilibomoka kama matofali ya udongo yasiyokauka. Akapunguza wimbi hadi robo. "Wimbi alinifundisha adabu," anasema. Ndiyo, anausema kama mtu.

Ladha? Nyinyi mliolelewa kwa uji wa wimbi uliochachushwa mnaijua tayari. Ni ule uchachu unaoshika pembe za taya, halafu utamu unachelewa unakuja nyuma. Kuna mbegu ndogo ndogo zinazofanana na bizari nyembamba, hizo utazipenda au utazitema. Mume wangu alipoonja mara ya kwanza alitafuna kimya, akasema, "Huu ni uji uliosimama." Sijasikia mtu akiueleza vizuri zaidi. Kwenye chai ya maziwa ni mzuri ajabu, maana ukiuchovya haumeguki ukazama. Na mboga ya kunde iliyotiwa maziwa, weka juu ya kipande kilichokaushwa jikoni, kisha uje unishukuru.

Chachu yake iko kwenye mtungi wa udongo, inalishwa unga na maji kila siku kama ndama. Ile aliyotoka nayo kwao, kaikausha kaifunga kwenye leso, ilikufa njiani. Akachanganya atta na maji hapa hapa, akaacha mlango wazi, akangoja. Baada ya kama wiki moja ikaanza kutoa mapovu. Ni hiyo hiyo hadi leo, tangu 1972. Kinyunga kikishakandwa kinalala saa nyingi mno, mimi ningekuwa nimeuza na kuosha karai. Tanuri ni la matofali, kuni za mibluu gamu. Wanachochea usiku, wanafukua makaa yote, wanapangusa sakafu kwa gunia lililolowa, kisha wanarusha ndani unga wa kiganja. Ukiwa mweusi papo hapo, moto ni mkali, wanasubiri. Ukigeuka hudhurungi polepole, mikate inaingia. Akitaka kujua kama umeiva anaugeuza, anaugonga tumboni, anasikiliza.

Na anapima. Chumvi gramu 20 kwa kilo ya unga, siku zote, hata akiwa na homa. Mimi nilikuwa natia kwa kiganja kama mama yangu. Alinitazama siku moja nikimsaidia, akaenda ndani, akarudi na mizani kuukuu, akasema nichukue. Wateja wangu hawajagundua tofauti yoyote, niseme ukweli.

Lakini mkate huu, mara ya kwanza, sikuununua.

Mwisho wa Januari 2008, Nakuru ilipowaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikimbia na watoto wawili na karai langu hadi uwanja wa maonyesho ya kilimo. Msiniulize kwa nini nilibeba karai nikaacha vyeti. Tulikuwa wengi mno pale, mchana vumbi, usiku baridi, na mji umewekewa kafyu. Chakula cha msaada kilikuja, unga wa mahindi na maharagwe. Ila maharagwe yanataka kuni na saa nyingi za moto, na mtu aliyekimbia hana sufuria. Siku ya tatu hivi akaingia mama mmoja mzungu kwa pikapu, amefunga kitambaa kichwani, yuko na kijana wa kumsaidia. Akaanza kukata mikate vipande vinene, anampa kila mtoto, hasemi kitu.

Nilionja nikatema. Nikasema kwa sauti, asikie, kwamba tumeletewa mikate iliyoharibika kwa sababu sisi ni wa kutupiwa. Akanyanyua uso. "Haijaoza," akasema. "Imechacha. Kuoza ni kufa. Hii iko hai." Nilimchukia. Kile kipande nikakisukumia pembeni mwa hema. Baada ya siku mbili mwanangu mdogo akakitoa huko, hakina ukungu, akakipangusa, akala, akaomba kingine. Nikaenda kupanga foleni kwa yule yule mama niliyemtukana. Alinipa viwili, hakunikumbusha.

Baadaye sana kijana wake alinieleza kwamba zile siku walikuwa wamegeuza kazi yote, ya usiku ikawa ya mchana, ili pikapu ifike mjini na kurudi kabla ya saa za kafyu.

Sikumwona tena hadi 2015, nilipoelekezwa na mteja kwenye "mkate wa mzungu wa Njoro" na kuutambua kwa harufu. Na ilichukua hadi 2019 kwa yeye kuniambia kuhusu Januari yake.

Alizaliwa Aprili 1944 katika mji wa Breslau, uliokuwa wa Ujerumani wakati ule. Leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Mji ulikuwa umeshatangazwa ngome ya vita, na Januari 1945 jeshi la Wasovieti lilipokaribia, wakuu wake waliwaamuru wanawake na watoto waondoke. Treni hazikutosha. Wengi waliondoka kwa miguu kwenye theluji, na watoto wengi walikufa kwa baridi wakiwa mikononi mwa mama zao. Yeye alikuwa wa miezi tisa, amefungwa ndani ya koti la mama yake. Kaka yake wa miaka mitatu alikuwa kwenye kigari cha kusukuma. Hakufika. Ardhi ilikuwa imeganda, jembe haliingii. Aliniambia haya huku anapima chumvi, na mkono haukusimama.

Vitu vya mama yake vilivyobaki ni viwili tu, kisu cha mkate, ambacho ndicho alichokuwa akitukatia pale uwanjani, na kijitabu kidogo cha neno la siku.

Kijitabu hiki nacho asili yake ni wakimbizi. Mwaka 1722 watu waliokimbia Moravia, Cheki ya leo, kwa ajili ya imani yao walipewa mahali pa kukaa kwenye ardhi ya bwana mmoja aliyeitwa Zinzendorf, huko Saxony, wakajenga kijiji wakakiita Herrnhut. Mwaka 1728 wakaanza kupelekeana neno moja la Biblia la kila siku, nyumba hadi nyumba. Tangu 1731 linachapwa kitabu kila mwaka, na leo linasomwa kwa lugha zaidi ya 50. Mstari wa Agano la Kale hauchaguliwi na mchungaji wala askofu, unapigiwa kura, unachotwa kutoka bakulini. Wa Agano Jipya ndio unaotafutwa uende nao. Ndugu zetu wa kanisa lililotokana na watu hao, Wamoraviani wa Mbeya na Tabora, wataniona nawafundisha samaki kuogelea, lakini mimi sikuwa najua.

Maisha mengine aliyapita haraka, nami nitayapita hivyo hivyo. Baada ya vita walitua kijiji kisicho mbali na Herrnhut, upande uliokuja kuwa Ujerumani Mashariki. Julai 1961, ana miaka 17, alivuka Berlin kwenda upande wa Magharibi kwa treni ya mjini na mkoba mmoja. Tarehe 13 Agosti ukuta wa kuugawa mji ukaanza kujengwa. Alisomea uokaji miaka mitatu kule Msitu Mweusi, akaolewa na mwanafunzi wa uhandisi aliyetoka huku kwetu, wakaja wote 1972. Mume alifariki 1994. Watoto wao wako Ujerumani, kila Krismasi wanamwambia arudi nyumbani. Anawajibu ameshahama mara tatu, inatosha.

Mimi nimeokoka. Nasali kanisa la mabati na vipaza sauti, Ijumaa tunakesha, na nikiri kwamba nilikuwa na shaka na mama huyu. Sijawahi kumwona akiinua mikono. Sijamsikia akisema "Bwana asifiwe" hata ukimtangulia. Nilijiambia ni mtu mwema ila hajampokea Yesu. Siku moja nikamuuliza wazi wazi, 2008, ulipoleta mkate uwanjani, Mungu alisema nawe? Kwetu swali kama hilo ni ushuhuda wa nusu saa. Akafikiri. Akasema unga ulikuwapo, kuni zilikuwapo, barabara ilikuwa wazi. Nikang'ang'ana. Na mstari wa siku ile je, ulisemaje?

"Siukumbuki," akasema.

Halafu, bila kuulizwa, akanieleza kwamba mumewe alipofariki alikaa karibu miaka miwili hawezi kuomba. Kuomba tu. Kusoma hakuacha. Kila alfajiri kabla ya kufungua tanuri anasimama, miwani puani, anasoma ile mistari miwili kwenye kijitabu cha bluu, anakifunga, anaanza kazi. "Nilisoma kama mgonjwa anakula," akasema. "Hamu hakuna. Daktari amesema kula, basi unakula." Kanisani kwangu mtu akitamka maneno hayo angewekewa mikono saa ile ile na akemewe roho ya uchovu.

Mimi nilimkumbuka 2020. Corona imekuja, shule zimefungwa, watu wa ofisi wako nyumbani, mandazi hayana mnunuzi, na maombi yamenikauka mdomoni. Nilikuwa naamka saa tisa ile ile ya usiku kwa mazoea, sina unga wa kukanda. Nikawa nafungua Biblia nasoma kidogo, nafunga. Sikuhisi kitu. Kesho yake tena. Sina ushuhuda wa kuongezea hapo, kibanda kilifunguliwa kilipofunguliwa.

Turudi kwenye huduma. Mkate unafungwa kwa karatasi ya khaki, alikuwa akiitumia kabla hata mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku 2017. Juu ya karatasi anaandika kwa penseli neno la siku, lakini si maneno yenyewe. Anaandika kitabu, sura na mstari, basi. Ukitaka maneno nenda nyumbani ufungue. Nilimshauri aandike yote, biashara itapendeza. Akaniuliza kama mimi humtafunia mteja mandazi. Kuna vijana wa boda pale njiani walikuwa wananunua mkate mmoja kwa kuchanga, si kwa ajili ya kula, wanatumia hizo namba kubeti. Alipoambiwa nilidhani atakasirika. Akauliza tu kama wanashinda. Hawashindi. Ila mmoja wao siku hizi ananunua wake peke yake, na sijui anafungua nini akifika nyumbani.

Vingine anavyouza. Kuna mkate wa kusokotwa kama fundo la kamba, kwao Brezel, shilingi 60, Jumamosi tu. Ngozi yake inang'aa hudhurungi, na siri yake ni magadi! Magadi yale yale unayotia kwenye mboga au maharagwe yaive haraka. Anayachemsha kwenye maji, anatumbukiza fundo la unga kwa muda mfupi, anatoa, ananyunyiza chumvi ya mawe, tanurini. Nilicheka hadi nikakaa chini. Kwao wanatumia dawa kali ya namna hiyo hiyo, alipokuja huku akaikuta jikoni kwa kila mtu. Nunua mbili, ya pili hutaifikisha stendi.

Mwezi Novemba mwishoni anaoka mkate wa Krismasi, mzito, umejaa zabibu, umevingirishwa kwenye siagi na sukari ya unga hadi uonekane kama mtoto aliyefungwa nguo. Hauliwi hapo hapo, unakaa wiki kadhaa kwanza. Kwa mfuko wangu ni ghali. Nilinunua mara moja, tukaula vipande vyembamba hadi Mwaka Mpya.

Na kuna skonzi. Afadhali nisingelizitaja, ila hii ni tathmini. Ni kavu, zinakwama kooni, sukari ametia kwa masharti. Anazioka kwa sababu watoto wa shule walimwomba kitu cha shilingi 20, na watoto wenyewe wananunua kwa kumwonea huruma, kisha wanawapa kuku.

Kazi ya tanuri sasa anaifanya yule kijana wa 2008, ambaye si kijana tena, ana watoto wawili. Shosho amepita miaka 80, mabega hayataki kubeba trei. Bado anakuwa mezani, anapima, anaandika kwa penseli. Jumapili huenda kanisa lolote lililo karibu anakoweza kufika kwa miguu. Usiende siku hiyo, wala Ijumaa Kuu. Beba kikapu. Lipa kwa M-Pesa au pesa taslimu, kamili, maana chenji humsumbua.

Jumamosi iliyopita nilimsomea haya niliyoandika, nikiruka sehemu fulani. Akasikiliza akiwa ameegemea meza. Nilipofika kwenye nyota akaniuliza ya tano ameichukua nani.

"Skonzi, Shosho."

Akanyamaza kidogo, akitazama trei ya skonzi, zote zingalipo. "Skonzi ni mbaya," akakubali, akavuta karatasi na penseli, akanifungia mkate wangu.